Siku Moja na Keki za Walaji wa Miaka Miwili

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha taa ya jikoni, pua imeshanipa habari kwamba ndizi zimefika. Siku nne zilizopita zilikuwa za njano safi, nikaziacha juu ya kabati ziendelee na mambo yao. Leo zina madoa meusi, maganda yamelegea, na ukibonyeza, kidole kinazama. Mgeni angezitupa, lakini mimi nilikuwa nazingoja zifike hapo. Ndizi inavyoiva, wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo itakayofanya kazi leo badala ya ile ya pakiti. Ndizi isiyo na doa hata moja hutoa keki yenye ladha ya unga tu.

Oda za leo ni mbili: vikeki 24 vya ndizi vya kituo cha kulelea watoto, ambako walaji wengi hawajatimiza miaka 2, na keki ya embe ya mtoto anayetimiza miaka 2 kesho. Katikati nimejipangia jaribio la forosadi. Ningejua litakavyoniaibisha ningeendelea kulala.

Saa 12. Naanza na embe, kwa kuwa ndilo lenye shughuli. Wengi tunaoanza kazi hii hupunguza sukari kisha tukamimina rojo la tunda mahali pake, kana kwamba kimoja kinaweza kukalia kiti cha kingine. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi, nikawa natoa keki zilizoiva pembeni huku katikati ni uji. Zaidi ya robo tatu ya embe ni maji. Basi gramu 500 za rojo zinaingia kwenye sufuria pana, moto mdogo, mwiko mkononi. Likianza kuwa zito linarukaruka na kukuunguza vidole, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Najua limefika pale ninapopitisha mwiko chini ya sufuria ukaacha njia isiyojifunga upesi. Naliweka kwenye mizani: gramu 290. Likipoa nakwangua ganda la limau juu yake, ile ngozi ya nje tu, maana weupe wa chini yake ni mchungu.

Saa 1 na nusu asubuhi. Binti anayenisaidia amefika, tunaingia kwenye vya ndizi. Gramu 300 za ndizi zilizopondwa kwa uma, mayai 2, gramu 80 za siagi iliyoyeyushwa, gramu 100 za mtindi usio na sukari, gramu 220 za unga wa ngano, vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda, mdalasini na chembe ya chumvi. Sukari hakuna. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020–2025 ulisema mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe sukari ya kuongezwa hata kidogo, na mimi nimeufanya sheria ya jiko langu kwa kila oda ya umri huo. Mdalasini una hila nzuri: hauna utamu, ila pua ikiunusa, ulimi hudhani utamu umeongezeka. Vanila nayo ni vivyo hivyo.

Hapa ndipo ninapomsimamia binti kama askari. Kwenye keki ya kawaida sukari huvuta maji na kuuzuia unga usifanye nyuzi za kuvutika. Ikiwa haipo, ukikoroga kwa bidii ya kawaida unapata mpira. Kwa hiyo tunakunja kwa mwiko, taratibu, na unga mkavu ukishapotea machoni tunaacha. Mabonge madogo yabaki.

"Dada, mbona bado kuna mabonge?"

"Yaache. Yataiva yenyewe."

Oveni nyuzi joto 170, dakika 14. Vikeki vya ndizi hupata rangi upesi, kwa hiyo nakaa karibu.

Saa 3. Keki ya embe. Mtoto huyu anafika miaka 2, kwa hiyo nimejiruhusu gramu 40 za sukari kwenye keki nzima. Keki ya mizani sawa, ile ya unga, siagi, sukari na mayai vya uzito mmoja, ingekula gramu 200. Ukiikata vipande 12, kila kipande kina sukari zaidi ya gramu 16, yaani vijiko vidogo 4. Changu kina gramu 3 na ushee, hakifiki hata kijiko kimoja.

Tatizo ni kwamba punje za sukari ndizo zinazochimba vishimo vya hewa ndani ya siagi unapovisaga pamoja. Gramu 40 hazichimbi kitu. Unaweza kupiga mashine nusu saa na siagi ikabaki imekutazama. Dawa niliyoipata ni kutenganisha mayai: viini vinaingia kwenye siagi na rojo la embe, ute unapigwa peke yake kwenye bakuli lisilo na hata tone la mafuta mpaka usimame, kisha unakunjwa ndani kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza haina heshima, ute unauawa kabisa ili mchanganyiko mzito ulainike. Mbili zinazofuata ndizo unazozishika kama yai bichi.

Saa 4 na nusu. Naitoa. Imepauka, na keki iliyopauka watu huiona mbichi. Kijiti nacho huwa kinadanganya kwenye keki za matunda, kinaweza kugonga kipande cha tunda kikatoka kimelowa wakati keki imeshaiva. Mimi nabonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu, imeiva, ikiacha shimo, inarudi ndani dakika tano. Imerudi juu.

Saa 5 na robo. Sasa aibu. Forosadi nilizisaga nikapata rojo la zambarau iliyokolea, zuri mno. Nikawaza: tunda lina uchachu, uchachu unataka bekingi soda, basi nikatia kijiko kidogo kizima. Binti akafungua oveni, akanyamaza kidogo.

"Dada, hii imeoza?"

Ilikuwa ya kijani. Siyo kijani cha jani, ile ya sarafu ya shaba iliyokaa majini, na mabaka ya kijivu. Haijaoza. Rangi ya forosadi, kama ya matunda mengi mekundu na ya zambarau, hubadilika kufuata uchachu: kwenye ndimu inakuwa nyekundu, ukizidisha soda inaelekea buluu na kijani. Soda ilikuwa nyingi kuliko uchachu wa kupambana nayo. Mwenye kosa ni mimi. Na ladha ilikuwa na kile kisabuni cha soda iliyobaki bila kazi. Mara ijayo nitatumia bekingi pauda peke yake, na kijiko cha maji ya limau ndani ya rojo.

Saa 7 mchana. Simu. Mama mmoja anataka keki ya mtoto wa miezi 10, ila niweke asali badala ya sukari kwa sababu "ni ya asili". Swali hili huja kila wiki na silichoki.

"Mama, asali nayo ni sukari. Halafu huyo hajafika mwaka, asali hapewi kabisa."

"Hata ikipikwa?"

"Hata ikipikwa."

Nikamweleza. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu inayopooza misuli), ambazo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliwezi kuzizuia zisiote. Mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka. Nyuzi 170 ni za oveni. Ndani ya keki hakupiti nyuzi 100. Tukakubaliana ndizi.

Mwingine akaniuliza kama, kwa kuwa ni matunda matupu, mwanawe anaweza kula vikeki vitano kwa mkupuo. Hapa wauzaji wengi husema ndiyo. Mimi nasema kimoja. Tunda likisagwa, sukari iliyokuwa imefungwa ndani ya seli zake inatoka nje, na Uingereza huihesabu sukari ya rojo pamoja na ile ya kawaida ya kupunguzwa. Tende ndiyo usiseme, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Naipenda na ninaitumia, ila siandiki "haina sukari" kwenye boksi lenye tende.

Saa 9. Mwonjaji wangu mkuu, mtoto wa jirani mwenye miaka 2 na miezi 3, kaletwa na mama yake. Namkatia pembe ya keki ya embe iliyobaki nilipoisawazisha. Naipa joto kidogo kwanza, maana keki iliyotoka kwenye friji huonekana haina utamu. Kaibonyeza. Kailamba. Kaiweka sakafuni, kaitazama, kaiokota, kala yote, kisha kafungua kiganja na kukunja vidole mara mbili, ishara yake ya kutaka nyingine.

Mama yake akaonja: "Mbona haina kitu?"

Ni watu wazima wanaokubali au kukataa keki hizi, huku wenye keki hawajawahi kulalamika. Nimeshaongeza sukari mara kadhaa ili kumridhisha mlipaji. Siku hizi namwambia mapema: wewe utaiona pooza, na keki si yako. Wengine hukata simu.

Saa 11 jioni. Kupamba na kufungasha. Mtindi uliochujwa kwenye kitambaa tangu jana usiku umekuwa mzito wa kupakika. Naupaka juu, halafu vipande vyembamba vya embe laini. Zabibu nzima, zabibu kavu, karanga na vipande vigumu vya tufaha bichi havikai juu ya keki zangu, hata mteja akileta picha. Ni vitu vya kumkaba mtoto. Kwenye boksi naandika ngano, mayai, maziwa, na: friji, siku 2. Sukari ni kihifadhi pia, na ukiitoa ukungu unawahi. Vikeki vya ndizi vinaweza kuingia friza vikingali vipya.

Saa 2 usiku. Daftari. Embe: gramu 290, dakika 26, punguza moto mapema. Ndizi: sawa. Forosadi: soda sifuri, nikaipigia mstari mara mbili. Ile ya kijani binti alishakata vipande viwili, akavipanga kwenye sahani na kutia chai. Tumekula tumefumba macho.