Umande wa sumu kule Sembungan

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, giza totoro, mi natafuta mshumaa huku binti amening'ang'ania kiunoni. Nikawasha njiti ya kiberiti, ule moshi ukampata puani, akapiga chafya akauliza, "Mama, mbona kinanuka hivi?" Nikamwambia kiberiti sio jina la kile kiboksi tu, ni jina la ile kitu ya njano inayotoka ardhini, na kuna mahali nimeshawahi kusimama ardhi yenyewe inafuka, inanuka, mpaka unaziba pua na mtandio. Akataka picha. Basi tukakaa sakafuni na mshumaa wetu nikaanza kutafuta kwenye simu picha za 2019, ambazo kusema kweli nilikuwa sijazifungua muda mrefu sana, na nilikuwa na sababu yangu ya kutozifungua.

Safari ya Dieng, kule milimani kisiwa cha Java, Indonesia, nilishawasimulia. Ila niliwasimulia nusu.

Ilikuwa Julai, likizo ya chuo, na rafiki yangu mmoja wa Kijava akaniambia twende kwao nikapumzike na joto la Yogyakarta, mji tuliokuwa tunasoma. Basi mpaka Magelang, tukashuka, basi jingine mpaka Wonosobo, tukala mie ongklok, tambi zenye mchuzi mzito unaovutika na kabichi ndani na mishikaki pembeni, afu kibasi kidogo kama Hiace kikaanza kupanda. Wonosobo mpaka Dieng ni kama kilomita 26 tu lakini unaishia mita 2,000 na kitu juu ya bahari, masikio yanaziba njia nzima, na kijiji chao Sembungan kiko juu zaidi ya hapo, kama mita 2,300, wenyewe wanakwambia ndo kijiji cha juu kuliko vyote kisiwa kizima cha Java na wanalisema hilo wakiwa wamekaa vizuri kabisa.

Mi nilitegemea mpunga. Picha zote za Indonesia ni mpunga. Nikakuta viazi mviringo, jamani, viazi kila mahali, milima imekatwa ngazi kwa ngazi kuanzia ukingoni mwa barabara mpaka kileleni ambako ungetegemea angalau miti ibaki, hamna, ni viazi. Rafiki yangu aliniambia zamani babu zake walilima tumbaku, viazi vilishika kasi miaka ya 1980, vikajenga nyumba za tofali na vikanunua pikipiki na vikapeleka watu Makka, na pia vikaondoa msitu, maana mvua ikinyesha udongo unateremka mpaka mto Serayu na kwenda kujaza bwawa la umeme kule chini Banjarnegara. Alikuwa anayasema yote mawili kwa sauti ile ile. Ada yake ya chuo ilitoka kwenye viazi hivyo.

Na mipira ya maji! Kiangazi wanavuta maji kutoka kwenye maziwa yao madogo, Sembungan wana la kwao linaitwa Telaga Cebong, pampu zinaunguruma na mipira inatambaa pembeni ya barabara kwa mamia, imesukana kama nywele, kila mtu anaujua wake. Magunia ya mbolea ya kuku yamepangwa mpaka milangoni. Harufu ya kwanza kunipokea Dieng ilikuwa hiyo, kiberiti kilikuja baadae.

Mama yake nilimwita Ibu kama alivyomwita yeye. Yeye akaniita Nduk, ndo Wajava wanavyomwita binti yao wa kumzaa, na akaniita hivyo kuanzia dakika ya kwanza kabla hata sijavua viatu. Mwanamke mfupi, mikono mipana, sweta mbili na mtandio. Tulikaa jikoni kwenye moto maana kule jiko ndo sebule, wanaume wanaingia wamejifunga misuli mpaka mabegani, chai ya moto haiishi, tempe kemul, vipande vya soya iliyochachushwa, zinatoka kwenye mafuta zikiwa na unga wa njano umezizunguka, unakula huku unaota moto.

Kulikuwa na mjukuu wake, miaka minne au mitano, nywele zake zimesokotana zenyewe, rambut gimbal wanaziita. Kuna watoto kule Dieng wanaanza na homa halafu nywele zinajifunga, na hazikatwi hivi hivi, mtoto mwenyewe lazima aseme anataka nini, apewe, ndo wafanye shughuli yao na kuzikata. Yule mtoto alikuwa ameshasema, baiskeli. Mi nilikuwa na rasta zangu ndefu za kusuka, akaja akazishika moja moja kwa adabu kabisa akaniuliza na mimi niliomba nini. Nilishindwa kumjibu. Ibu alicheka mpaka akafuta macho.

Kesho yake tukazunguka, mahekalu ya Arjuna, ya mawe, ya Kihindu, yana zaidi ya miaka elfu moja na bado yamesimama kwenye ukungu, na kreta ya Sikidang ambako matope ya kijivu yanachemka na ndo hapo nilipoziba pua. Ibu alikuwa nasi. Akaniambia Nduk, usiogope kinachonuka. Akanionyesha kwa mkono upande wa magharibi na kunisimulia, rafiki yangu akitafsiri, kwamba Februari 1979 ardhi ililipuka usiku huko Sinila, watu wakatoka majumbani kukimbia, na kule barabarani walikokimbilia ndiko kulikuwa kumejaa hewa nzito isiyo na harufu wala rangi iliyotoka ardhini. Watu 149. Walianguka njiani wakiwa na vifurushi vyao. Yeye alikuwa mtoto. Kinachonuka kinakupa nafasi ya kukimbia, alisema, afu akanunua viazi vya kukaanga tukala.

Haya. Asubuhi ile.

Tulipanga kuamka saa kumi na nusu tupande kilima cha Sikunir nyuma ya kijiji tuone jua linavyochomoza, watu wanatoka mpaka Jakarta kuja kuliona. Mi nikachelewa kuamka, baridi ilinishinda, blanketi tatu na bado meno yanagongana. Nikatoka nje karibu saa kumi na mbili kasoro na nikasimama mlangoni.

Shamba lilikuwa jeupe.

Sio ukungu. Jeupe kabisa, kila jani la kiazi limepakwa ukingo mweupe kama chumvi, nyasi zimesimama wima zimekakamaa, kiti cha pikipiki kina tabaka la barafu unaweza kuandika jina na niliandika kweli, kwa kidole, la kwangu na la Makete kwa bibi. Mbingu ilikuwa safi haina hata wingu moja, ya bluu ile nzito kabla ya jua. Kimya. Nikikanyaga nasikia kru kru chini ya viatu. Mi sijawahi kuona theluji maishani mwangu, nikapiga kelele "bagus! bagus sekali!" nzuri, nzuri sana, nikachomoa simu nikaingia shambani. Nilijipiga mwenyewe, nikapiga majani kwa karibu, nikachuchumaa kati ya mistari, nikachukua barafu viganjani nikairusha juu, ikanitoka hovyo nikarudia. Nilifurahi sana, sitaki kuidanganya ile furaha, ilikuwa ya kweli.

Ibu alikuwa kwenye kona ya juu ya shamba. Alikuwa ameshaanza kumwagilia, ila akili yangu haikujiuliza nani anamwagilia shamba lililoganda. Akashuka na mpira wake mpaka mstari niliokuwepo, akasimama. Akaniuliza, "Sudah foto, Nduk?" Umeshapiga picha, mwanangu? Nikamwambia bado kidogo, Ibu. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaugeuza mpira ukawa unamwaga maji pembeni ya miguu yake, kwenye mtaro. Akasubiri. Nikapiga nyingine na nyingine. Nikambadilishia upande ili milima ionekane. Akahama nisimpate kwenye picha, akasubiri tena. Mwisho akasema "monggo" taratibu sana, yaani tafadhali, akanishika kiwiko kunisogeza, akaanza kuyaosha majani yale. Aliyaosha haraka haraka sasa, kwa mkono mmoja ameshika mpira na mwingine anayapangusa kwa vidole, vidole vyekundu, na hakunitazama tena. Jua lilikuwa limeshavuka ukingo wa kilima na limefika nusu ya shamba.

Wenyewe wanaita bun upas. Bun ni umande, upas ni sumu. Rafiki yangu aliponitafsiria mezani ndo nikaanza kuelewa, kwamba usiku wa kiangazi mbingu ikiwa wazi baridi inashuka na kulala mabondeni, umande unaganda juu ya majani, na wanachopambana nacho ni kuuosha kabla jua halijaupiga, maana jua likiukuta jani linakufa. Mchana ule ule majani yalikuwa yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Kesho yake yalikuwa meusi.

Na hapo ndo ikanijia. Mi nilikulia Dar lakini likizo nilikuwa napelekwa kwa bibi Makete, kule juu karibu na Kitulo, na kuna mwaka, sikumbuki nilikuwa na miaka saba au nane, nilimkuta bibi amekaa kwenye tuta asubuhi na kanga yake kichwani, viazi vyake vyote vyeusi, hasemi kitu. Sakitu, ndo jina la umande ulioganda. Neno hilo nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu utotoni, nimelibeba mpaka Java, na sikulitambua liliposimama mbele yangu jeupe vile na zuri vile. Bibi angeniona shambani kwa watu na simu juu sijui angesemaje.

Nilimuomba Ibu msamaha. "Ora apa-apa," akasema, hakuna neno, akanimiminia chai. Rafiki yangu alinieleza usiku kwamba wana neno lao, sungkan, ile haya ya kumsumbua mtu, mgeni hasa, na mama yake asingeweza kumfukuza mgeni kwenye picha hata shamba liungue. Nikamwambia sisi tunasema kumstahi mgeni. Akasema basi ndo hilo hilo. Nikamuuliza kama nisingekuwa pale je. Akafikiri kwanza. Akasema jirani yao alianza kumwagilia saa kumi usiku na bado karibu shamba lote limekwenda, ilikuwa baridi mbaya mwaka ule. Afu akasema kona ya juu, ile aliyoanza nayo mama, imepona. Akanyamaza. Mi pia.

Miche ilikuwa na kama siku arobaini. Mbegu ya mkopo, mbolea ya mkopo. Siku naondoka niliacha rupia 200,000 chini ya kikombe, nikifikiri nimefanya jambo. Tulipofika Wonosobo rafiki yangu akanikabidhi boksi la karika ambalo mama yake alinifungia, lile papai lao dogo la milimani kwenye maji ya sukari, na chini ya vikombe vya karika kulikuwa na zile noti mbili, zimekunjwa vile vile nilivyozikunja.

Watalii wanaendelea kwenda kila kiangazi kuitafuta ile barafu, naona picha zao. Siwezi kuwalaumu, wanalala kwenye nyumba za wanakijiji, wananunua chai, na hiyo nayo ni hela inayoingia mwaka viazi vinapoungua. Nikiona tu nakuza picha nione pembeni kuna nani.

Basi juzi na mshumaa wetu nikafungua zile picha. Simu inaandika saa juu ya kila moja. Ya kwanza, 5:41. Ya mwisho, 5:54. Miaka yote hii kichwani mwangu nilikuwa nimejiwekea dakika tatu, nne hivi. Kwenye ya kwanza uso wangu ni wa bluu bluu, kwenye ya mwisho jua limenipiga kwenye paji la uso na nimefumba jicho moja, nacheka.

Binti aliipenda ile ya katikati, ambayo barafu iko hewani juu ya viganja vyangu. Akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akazunguka nayo, mpaka akafika ukingoni kushoto ambako kumetokea nusu ya mtu, sweta, mtandio, mpira wa maji unaomwagika chini.

"Mama, na huyu anafanya nini?"

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

Nikamwambia alikuwa anasubiri nimalize.