Kanga za bibi jirani na mwanangu wa kati

Naandika haraka haraka maana uji upo jikoni na huyu mdogo kashaanza kunivuta gauni, ila nisipoandika leo nitasahau, na najua kuna mama mahali ambaye mwanae bado hajashika kusoma na watu washaanza kumsema, huyo ndo hasa namwandikia.

Nina watoto watatu, tupo Mtwara mjini, Chikongola. Dada mtu yuko darasa la tano, huyo anasoma mpaka pakiti ya chumvi. Wa kati ni wa kiume, katimiza sita mwezi wa tatu, na mwaka huu nipo naye nyumbani namfundisha mwenyewe mpaka Januari atakapoanza la kwanza, kwasababu chekechea tuliyompeleka mwaka jana alikuwa analia kila asubuhi mpaka anatapika, mimi na baba yake tukakaa, tukaomba, tukaona isiwe tabu, mtoto arudi kwa mama yake kwanza. Wa mwisho wa kike, minne na nusu.

Darasa letu ni mkeka chini ya mwembe. Dada mtu akishaenda shule na baba yao akishaenda bandarini (msimu wa korosho ukianza hapo hatumwoni vizuri mpaka mwaka mpya), tunasali, tunaimba wimbo mmoja, tunaanza. Sijasomea ualimu mimi, ila mama yangu kafundisha shule ya msingi Masasi maisha yake yote na yeye ndo kanipa njia. Akaniambia usianze na majina ya herufi, anza na sauti, m usimwambie "em", mwambie "mmm" kama anayeonja mchuzi mtamu. Akaniambia herufi zetu za Kiswahili ziko 24 tu, hakuna q hakuna x, na c peke yake haipo mpaka iwe ch, kwahiyo usimlundikie mtoto vitu asivyovihitaji. Daftari mwanzoni hatukununua, mchanga si upo, tunaandika kwa kidole tunafuta kwa kiganja. Na kijiti cha ufagio wa chelewa ndo cha kufuatia mistari kwenye kitabu.

Basi a e i o u akazishika, ma me mi mo mu akazishika, mpaka tukafika kwenye baba.

Jamani. Kila nikiandika baba yeye anasoma dada. Nikiandika dada anasoma baba. Siku moja, mbili, wiki, mwezi. Ukiziangalia kweli ni herufi ileile imegeuzwa, lakini mimi wakati ule sikuwa naona hivyo, nilikuwa naona mtoto haweki akili. Na mdogo wake anayekaa pembeni anachezea mchanga akawa anajibu kabla yake, "hiyo ni baba!", halafu namwona kaka mtu anavyoinamisha kichwa. Ndugu mmoja alikuja kututembelea akaona tunavyosoma akasema mbele yake kabisa, huyu mtoto mzito huyu. Nilinyamaza. Usiku sikulala.

Kesho yake nikamgombeza mwanangu vibaya. Niliinua sauti, nikamnyang'anya kile kitabu chake chenye picha, nikamwambia hutaki kusoma kaa hivyohivyo. Jioni natafuta kitabu sikioni, tunatafuta wote, kesho yake asubuhi nakikuta kwenye banda la kuku, kakificha yeye ili nisikione tena. Nilikaa pale kwenye banda nikalia. Nikamwita, nikamwambia baba nisamehe, mama kakosea. Akaniuliza, "kwahiyo leo hatusomi?" Nikamwambia leo hatusomi, na kesho hatusomi, mpaka nitakapokwambia.

Tukaacha herufi mwezi mzima. Lakini kusikiliza hatukuacha, na hapo ndo nilijifunza kitu kuhusu mtoto wangu.

Sisi jioni baada ya kula tunakaa wote sebuleni, umeme uwepo usiwepo, tunasoma Mithali kwa tarehe. Mithali ina sura 31, kwahiyo tarehe moja sura ya kwanza, tarehe mbili ya pili, hivyohivyo. Mwezi wa pili ukiisha na tarehe 28 baba watoto anasoma zilizobaki zote usiku mmoja, na watoto wanapenda hiyo siku kuliko Krismasi maana wanalala saa nne. Baada ya Mithali tunasoma hadithi ndefu kidogo kidogo. Mwezi ule tulikuwa na Ruthu, sura nne tu, lakini tuliirudia mara tatu kwa sababu yeye alitaka.

Nilipofika pale Ruthu anaokota masuke nyuma ya wavunaji, nikawaeleza na mimi nilivyokuwa mdogo Masasi tulikuwa tunaingia kuokoteza karanga watu wakishang'oa, unakuta moja huku moja kule, ukirudi jioni una kikombe. Shayiri hawaijui, nikawaambia ifikirieni kama ulezi. Mtoto wangu kanyamaza kisha akauliza, "Mama, zile za Ruthu wale watu walikuwa wanadondosha makusudi?" Dada mtu akasema hapana zilikuwa zinadondoka tu. Yeye akasema hapana, ulisoma jana, Boazi aliwaambia waziache makusudi. Na ni kweli, ipo sura ya pili, Boazi anawaagiza vijana wake wamwachie na wala wasimkemee. Mtoto anayeitwa mzito ndo alikuwa anasikiliza kuliko wote humu ndani! Akili ipo, masikio yapo, moyo upo, kinachogombana ni macho yake na zile herufi mbili tu. Niliona Mungu kanionyesha kitu, siwezi kusema vingine.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda Masasi kwa mama, kilometa kama 200, unapita Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda kwa Wabenediktini, kisha unaona yale majabali ya Masasi yamesimama. Sisi ni Waanglikana, na bibi yao huwa hakosi kuwasimulia habari za Askofu Edward Steere, kwamba 1876 alishukia Lindi na watu waliokombolewa utumwani, walikuwa wanarudishwa kwao upande wa Nyasa, wakatembea kwa miguu mpaka Masasi wakaamua kukaa palepale. Kutoka Lindi kwa miguu, na mizigo kichwani! Lakini safari hii mama aliongeza kitu nilikuwa sikijui vizuri. Akasema yule mzungu alipofika Unguja 1864 Kiswahili hakukijua, alikaa na watu akawasikiliza, wakamsimulia hadithi zao naye anaandika wanavyosema, mpaka 1870 akachapisha kitabu kizima cha hadithi alizosimuliwa, na huyohuyo ndo akaja kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili. Mama akaniangalia akasema, "Unaona mwanangu, na yeye alianza na sikio. Mwache mjukuu wangu asikilize, jicho litafuata."

Nililibeba hilo neno mpaka Mtwara.

Sasa siku tumerudi, tunatembea tunaelekea sokoni, likapita lori la simenti, wale wa huku mnayajua yalivyo mengi tangu kiwanda kifunguliwe, na huyu kijana wangu kanishika mkono akasema taratibu, "Da-ngo-te." Nikasimama. Nikadhani kakariri tu maana wote wanalijua hilo jina. Nikamuuliza, ile ya kwanza herufi gani? "D." Una uhakika? "Eeh mama, hiyo ina tumbo moja, B ina matumbo mawili."

Yaani mwenzenu nilisahau kabisa kwenda kununua dagaa. Herufi KUBWA hazimsumbui! BABA na DADA kwa herufi kubwa hazifanani hata kidogo, na mimi miezi yote namkazania na ndogo kwa sababu kitabu kimeanza na ndogo. Tukarudi nyumbani nikachukua mkaa nikaandika ukutani BABA, DADA, BATA, DAWA, DIRISHA, BAHARI, akasoma zote, mdogo wake anapiga makofi.

Halafu nikatupa macho kwenye kamba ya nguo. Kanga. Kanga zote majina yake yameandikwa kwa herufi kubwa, maneno machache, yamekaa kwenye kisanduku chake pale chini, na ni maneno yenye maana, sio "bibi ana bata". Tangu hiyo siku kitabu chetu cha kwanza kikawa kanga. Nina sita, nikazianika hata zisizo na uchafu. Ya kwanza kuimaliza mwenyewe ilikuwa WEMA HAUOZI, ilimchukua karibu nusu saa, kijiti mkononi, we-ma-ha-u-o-zi, kisha akanigeukia akaniuliza wema unaozaje, tukakaa tukaongea wema ni nini mpaka uji ukapoa. Na jioni yake baba yake anasoma Mithali yeye anadakia, "kama ile kanga!"

Zaburi ya 117 nayo nikamwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nilichagua hiyo kwa sababu ndo fupi kuliko zote, mistari miwili basi. Dada mtu akamtania angojee ya 119 yenye mistari 176, nikamwambia dada mtu akazisome yeye kwanza.

Herufi ndogo tumezirudia sasa, taratibu, na hapa nawapa mama wenzangu kitu kilichotusaidia sana, mtumie bure kabisa. b inaanza na bakora, yaani unachora fimbo kwanza halafu tumbo. d inaanza na duara, unachora duara kwanza halafu fimbo. Bakora ni b, duara ni d. Akikwama haangalii uso wangu tena, anainua kidole anaichora hewani, anasema kimoyomoyo bakora au duara, anaendelea. Bado anakosea, hasa akichoka, na ng' ya ng'ombe inampa tabu na hata p kuna siku anaigeuza. Lakini kuficha kitabu, hapana, tangu mwezi ule hajaficha.

Tena jamani msiwafananishe watoto, mdogo wake kutangulia hakuna maana yoyote, kila mtoto Mungu kampa siku yake. Na yule mgeni anayemwita mtoto wako mzito mbele ya mtoto mwenyewe, mimi safari nyingine sitanyamaza, nitamwambia kwa heshima lakini nitamwambia.

Sasa hili la bibi. Ukuta kwa ukuta na sisi anakaa bibi mmoja wa Kiislamu, mtu mzima sana, watoto wangu ni kama wajukuu zake, siku za Idi tunakula kwake na Krismasi anakula kwetu. Yeye anasoma Kurani vizuri sana ila herufi hizi zetu hakufundishwa. Wiki iliyopita wa kati kapita kwenye kamba yake akasimama, akasoma kwa sauti. Bibi kutoka ndani, "nani anasoma kanga yangu?" "Mimi bibi, shikamoo." "Marahaba, hebu rudia." Akarudia. Bibi akasema kanga hiyo anayo miaka mingi na aliyemuuzia alimwambia maneno mengine kabisa! Akaingia ndani akaburuta sanduku lake. Mtoto kakaa huko mpaka adhuhuri, nimeenda kumfuata nikawakuta wote wawili chini kwenye jamvi na kanga zimetandazwa, na bibi naye kamfungulia msahafu anamwonyesha, huku kwetu tunatoka kulia tunakwenda kushoto. Mwanangu macho yamemtoka, ananiambia, "Mama, kumbe kuna herufi zinarudi nyuma na ni sawa!"

Sasa kila siku akimaliza uji anaaga. Jana kanipa ripoti akiwa mlangoni, bibi ana kanga kumi na moja, sita kashazisoma, ya saba ina neno refu sana, bibi kamwambia leo waianze hiyo kabla jua halijawa kali.