Spritz ya nyumbani: maji ya soda usiyabanie

Mi spritz naipenda kwa sababu moja kubwa, ukishaelewa imejengwaje hauhitaji tena kukariri resipi ya mtu. Kuna kitu kichungu chenye utamu ndani yake, kuna waini yenye gesi, kuna maji ya soda, na barafu nyingi. Basi. Vingine vyote unapanga mwenyewe kulingana na ulichonacho na unavyojisikia siku hiyo.

Watu wengi wakisikia spritz wanawaza ile ya rangi ya chungwa, ya Aperol, kileo cha Kiitalia kichungu chenye utamu, na ni sawa maana ile ndiyo iliyolitangaza jina dunia nzima. Lakini kinywaji chenyewe ni cha zamani kuliko Aperol. Kinasimuliwa kuanzia Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia, karne ya 19 kule kulipokuwa chini ya utawala wa Austria, wageni wale wakawa wanaona waini ya pale ni kali kwao wakawa wanaiongezea maji. Aperol ndo ikaja 1919, ndugu wawili wa ukoo wa Barbieri wakaitoa mjini Padova. Yaani maji yalikuwa kwenye hiyo glasi kabla ya kile kitu kichungu, na ndo maana naumia nikiona soda imewekwa tone mbili juu kama pambo.

Kipimo kinachojulikana ni tatu mbili moja: prosecco (waini nyeupe ya Kiitalia yenye gesi) mililita 90, Aperol 60, soda 30. Ni kitamu, sikatai. Ila angalia hesabu yake, Aperol ina kilevi asilimia 11 na prosecco nyingi ziko hapohapo, kwa hiyo glasi nzima inakuja kama asilimia 9 kabla barafu haijayeyuka, na hiyo bado ni waini tu iliyopunguzwa kidogo. Kama unataka kitu chepesi kweli, cha kukaa nacho jioni mnapiga stori na chakula bado kiko jikoni, geuza: prosecco 60, Aperol 30, soda 90. Hapo uko kwenye asilimia tano na nusu hivi, karibu sawa na bia, na glasi imejaa vilevile.

Sasa mtu ataniambia si itakuwa majimaji? Itakuwa, kama kila kitu kina uvuguvugu. Baridi ndo siri yenyewe hapa. Gesi inakaa vizuri kwenye kitu baridi, ikiwa vuguvugu inatoroka yote dakika ile ile unapomimina, na spritz bila gesi haina maana tena. Kwa hiyo weka friji kila kitu, prosecco, soda, hata ile chupa ya Aperol, na glasi ukiweza. Alafu barafu usibanie, jaza glasi mpaka juu, vipande vikubwa. Wengi wanaweka vipande viwili wakiogopa kinywaji kitazidi maji kumbe ni kinyume, barafu kidogo inazidiwa na joto inayeyuka haraka, barafu nyingi inajitunzia baridi yake na inayeyuka taratibu.

Mpangilio wa kumimina: barafu, prosecco, Aperol, mwisho soda. Aperol ina sukari nyingi so ni nzito, ukiitia juu inashuka yenyewe na kujichanganya njiani, ukianza nayo inabaki chini na utalazimika kukoroga, na kila ukikoroga unafukuza gesi. Mi natumbukiza kijiko mpaka chini nanyanyua mara moja tu, imetosha.

Na ukiongeza maji namna hii kuna mambo mawili ya kurudisha ladha. La kwanza ni ganda la chungwa au limau, si kile kipande cha kuning'iniza tu, likunje juu ya glasi yale mafuta yake yaruke kwenye kinywaji, harufu yake inabadilisha kila kitu. La pili ni kuchagua kitu kichungu zaidi. Campari kwa mfano, ipo tangu 1860, ni kali na chungu kuliko Aperol kwa hiyo mililita 20 zinafanya kazi ya 30 na zaidi. Venezia kwenyewe wana Select, ya 1920, na hiyo wanaiwekea zaituni ya kijani ndani. Inaonekana ajabu lakini ina akili, chumvi inapunguza makali ya uchungu ulimini na utamu unajitokeza. Hauna zaituni? Punje chache za chumvi, nyingi sana usiweke. Kuna pia Cynar, ina artichoki ndani, mboga ile, na rangi ya kahawia, inafaa kwa mtu asiyependa vitu vitamu vitamu.

Anayechukia uchungu kabisa mpe Hugo. Hii ni ya juzi tu, 2005, mhudumu wa baa anaitwa Roland Gruber ndo aliianzisha kule kaskazini kabisa mwa Italia kwenye milima, siku hizi inatengenezwa kwa sirapu ya maua ya mti wa elder (elderflower), majani ya minti, prosecco na soda. Au vermuti nyeupe (waini iliyotiwa viungo) na toniki (ile soda chungu), bila prosecco kabisa, kwangu hiyo ni nzuri kuliko spritz nyingi nilizonunua. Ila vermuti ikishafunguliwa ikae friji, ni waini ile, inaharibika.

Upande wa waini usisumbuke sana. Cava ya Hispania inafaa, crémant ya Ufaransa inafaa, hata waini nyeupe ya kawaida isiyo na gesi inafaa ukiongeza soda. Cha kuangalia ni sukari, tafuta iliyoandikwa brut, maana ile ya extra dry pamoja na jina lake ina sukari nyingi kuliko brut na Aperol tayari ina yake.

Bila pombe inawezekana pia na sio adhabu: chai nyeusi nzito iliyopozwa, juisi ya balungi, toniki, barafu, ganda la limau. Chai inaleta ule ukakasi ambao waini ingeleta, toniki na balungi zinaleta uchungu, na mtu asiyekunywa anapata kinywaji cha kikubwa kama wenzake badala ya kupewa juisi.

Mkiwa wengi usichanganye yote kwenye jagi mapema. Changanya tu kitu kichungu na maganda, weka friji, wageni wakifika kila mtu anamiminiwa kiasi kwenye glasi yake, anamalizia prosecco na soda mwenyewe mpaka pale anapopenda, mwenye kuendesha gari asimiminiwe kile kichungu, apewe ile ya chai na toniki badala yake. Prosecco ikibaki ifunge na kizibo cha kubana, irudishe friji, kesho bado ina gesi ya kutosha ya glasi nyingine.