Hesabu imenifuata mpaka kwenye figo

Juzi kiuno kilinikamata usiku kucha, asubuhi nikaenda kupiga ultrasaundi. Karatasi ya majibu nikaifungua pale pale kwenye benchi kabla ya kuitwa (kiherehere, najua). Figo ya kushoto: "calculus", milimita 5. Nikasema, calculus, ile hesabu niliyofeli kidato cha sita, imenifuata mpaka huku?

Daktari akacheka. "Ni kijiwe tu, dada. Kunywa maji."

Nyumbani nikachimba. Kumbe kwa Kilatini neno hilo maana yake ni kijiwe, kutokana na calx, chokaa. Warumi walihesabu kwa kusogeza vijiwe kwenye ubao, kama sisi darasa la kwanza tulivyobeba vijiti na kokoto kwenye mfuko wa rambo. Kitenzi calculare, kuhesabu, kikatoka humo, na karne ya 17 mwanahisabati Mjerumani Leibniz akalichukua neno calculus kwa hesabu zake, zile zile za kidato cha sita. Madaktari wao wamebaki na kijiwe chenyewe.

Na sisi tuna kokoto, tena tuna kukokotoa. Sisemi ni ndugu, ila nilicheka peke yangu huku nimeshika kiuno.

Chupa ya pili ya maji hii hapa.