Wahindi na Waarabu wa Mwanza: tofauti ya mali ilitoka wapi

Katika mji huu wa Mwanza kuna maelezo mafupi ambayo nimeyasikia tangu utoto, nayo hutolewa kila mazungumzo yanapofikia mali za watu ambao asili yao ni ng'ambo: kwamba Mhindi ni tajiri kwa sababu ana akili ya biashara na anajua kujinyima, na kwamba Mwarabu wa vijijini alibaki na duka lake moja kwa sababu aliridhika mapema. Huyasema hata watu wenye elimu. Maelezo hayo hunisikitisha, kwa sababu yanageuza historia ndefu ya mikopo, sheria na pasipoti kuwa suala la tabia ya kuzaliwa. Na mtu akishaamini kwamba tabia ndiyo iliyoamua, hataona shida kuamini kwamba kijana wa Kisukuma aliyefilisika pale Makoroboi, eneo la wachuuzi wadogo mjini, naye amefilisishwa na tabia yake.

Kwanza, hakuna jamii moja ya Wahindi wala jamii moja ya Waarabu. Chini ya jina la Wahindi tumewaweka Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri, ambao ni madhehebu tofauti ya Kishia, Wahindu wa Gujarat, Masingasinga waliokuwa mafundi hodari wa mitambo na ujenzi, na Wagoa ambao wengi wao walikuwa makarani wa serikali na hawakuwa na duka hata siku moja. Chini ya jina la Waarabu tumewaweka Waomani, ambao wazee wao walikuwa Tabora tangu katikati ya karne ya 19 wakiongoza misafara ya pwani, pamoja na Washihiri wa Hadhramaut, eneo ambalo leo liko Yemen, ambao wengi wao walikuja baadaye, wakati wa ukoloni, wakiwa na mtaji mdogo mno. Mshihiri wa Magu na Mwomani wa Tabora wote walikuwa Waislamu, lakini daftari zao za hesabu hazikufanana hata kidogo.

Kama mali ingetokana na kutangulia, Waomani ndio wangeshinda. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipofika Kageye, katika ufuko ambao leo uko Wilaya ya Magu, mwaka 1875, aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshajenga pale, miaka 17 kabla Wajerumani hawajaanzisha kituo chao cha Mwanza mwaka 1892. Hata hivyo biashara yao ilisimama juu ya pembe za ndovu na, ni lazima kusema bila kuficha, juu ya watumwa. Dola ya Kijerumani ilipoiteka njia ya misafara, mtaji huo ulikauka, na kilichobaki kilikuwa miembe, mitende na heshima.

Wahindi waliingia upande wetu wa ziwa kwa njia nyingine. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa kuwa reli ya kati haikufika Mwanza hadi mwaka 1928, kwa zaidi ya miaka 25 bidhaa nyingi za Mwanza zilishushwa Mombasa, zikapanda treni hadi Kisumu, kisha zikavuka ziwa kwa meli. Njia hiyo yote ilikuwa na nyumba za biashara za Kihindi. Maarufu kuliko zote ni ile ya Allidina Visram, Mwismailia aliyezaliwa Kutch, India, aliyekuja pwani akiwa kijana mdogo, na ambaye kabla ya kufa mwaka 1916 alikuwa na maduka kuanzia Bagamoyo hadi Kisumu, Kampala na Jinja. Watu humtaja kama mfano wa akili ya biashara, nami sipingi kwamba alikuwa na akili. Ninachokiona kuwa kikubwa zaidi ni mnyororo wa mkopo. Mwagizaji wa Mombasa alipokea nguo kutoka Bombay bila kulipa papo hapo. Akampa muuzaji wa jumla wa Kisumu au Mwanza bila kudai papo hapo. Naye akampa mwenye duka wa Ngudu au Misungwi, ambaye angelipa mkulima akishauza pamba, karanga, samli au ngozi. Kila kiungo kilimwamini kinachofuata kwa sababu walijuana kwa ukoo, kwa kijiji cha asili au kwa jamatini, yaani nyumba yao ya ibada, na mdaiwa akitoroka, aibu ingewafikia wazazi wake kabla ya barua ya wakili kufika.

Sasa tazama alipokuwa Mshihiri. Hakuwa nje ya mnyororo huo; alikuwa mwishoni kabisa mwa mnyororo huo huo. Alichukua chumvi, khanga, majembe na mafuta ya taa kwa muuzaji wa jumla wa Kihindi mjini, akavipeleka ndani kabisa mwa Usukuma ambako wengine hawakutaka kuishi, na kulipa deni lake baada ya msimu. Mzee mmoja wa Kishihiri huko Magu, ambaye namwita babu kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu babu yangu, aliwahi kunieleza kwamba wao walikopeshwa bidhaa tu na hawakukopeshwa fedha, na kwamba anayekopeshwa bidhaa hawezi kuchagua anunue wapi wala kwa bei gani. Naliona hilo kuwa kiini cha jambo zima. Tumezoea kuzilinganisha jamii hizi kana kwamba zilianza pamoja, bega kwa bega, ilhali kwa miongo kadhaa jamii moja ilikuwa mdai wa nyingine.

Sheria ya Mwingereza iliziweka zote mbili juu ya Mwafrika. Sheria ya mwaka 1923 iliyozuia kuwakopesha wenyeji haikumzuia Mhindi wala Mwarabu kukopeshwa, kwa maana wote wawili hawakuhesabiwa kuwa wenyeji. Lakini ruhusa ya kukopa si sawa na kuwa na mahali pa kukopa. Benki ilitaka hati ya kiwanja cha mjini, na hati hizo zilikuwa mikononi mwa wachache, wengi wao Wahindi. Waismailia walikwenda mbali zaidi: mwaka 1937 walianzisha kampuni ya bima ya Jubilee kule Mombasa, na sherehe za almasi za Aga Khan wa Tatu, kiongozi wao wa kiroho, zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 1946, zilizaa mfuko wa uwekezaji uliowakopesha waumini kwa ajili ya biashara na nyumba. Mwenye duka wa Kiismailia aliyeyumba alikuwa na mahali pa kuegemea. Mshihiri aliyeyumba alikuwa na wakwe zake.

Nasema wakwe kwa uzito wote, wala si kwa kuwadharau, kwa sababu hapa ndipo kipimo cha fedha peke yake kinapotudanganya. Waarabu wengi wa vijijini walioa Usukuma, watoto wao wakakua wakizungumza Kisukuma, wakachunga ng'ombe wa wajomba zao, wakazika na kuzikwa pamoja na majirani. Ni kweli kwamba mkopo uliotolewa kwa shemeji mara nyingi haukurudi, na mtaji ukapungua kwa njia hiyo. Lakini ukame ulipokuja, chakula kilitoka kwa shemeji huyo huyo. Siwezi kuiandika akiba ya namna hiyo kuwa sifuri.

Pamba ndiyo iliyoanza kuvuruga mpangilio huu. Wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoshwa na mizani za walanguzi na wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Ulikuwa ushindi wa haki, nami ni mjukuu wa mkulima aliyefaidika nao. Ila hasara yake haikugawanyika sawa. Mnunuzi mdogo wa kijijini, awe Mwarabu au Mhindi, alipoteza mizani yake mara moja, wakati mwenye kinu cha kuchambua pamba alipata miaka kadhaa ya kuhamishia fedha zake kwenye majengo ya mjini.

Majengo hayo nayo yalikuwa na siku yake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwenye jengo lililozidi umri wa miaka kumi hakulipwa fidia. Pigo hilo liliwaangukia zaidi Wahindi, kwa sababu ndio waliokuwa na ghorofa, na familia nyingi za Mwanza ziliondoka miaka ile kwenda Uingereza na Kanada. Waarabu wa vijijini hawakuwa na ghorofa za kuchukuliwa, lakini zamu yao ilifika: kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970 kulivunja vituo vidogo vya biashara walivyovijenga, kisha mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Ghorofa lililotaifishwa linatajwa hadi leo kwa sababu bado linaonekana. Duka la udongo na bati lililofungwa Kwimba halina anayelitaja.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa mlango wa kutokea. Wakati wa uhuru, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja, na wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Wahindi wengi walisita na kubaki na pasipoti za Uingereza, na ingawa London ilianza kuzibana pasipoti hizo mwaka 1968, bado zilikuwa tiketi. Waomani walifunguliwa mlango wao baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani wa Afrika Mashariki, na wapo waliotoka Tabora na Shinyanga wakaenda kuanza upya Muscat. Mshihiri hakuwa na mlango. Hadhramaut ilikuwa imeingia katika Yemen Kusini, iliyopata uhuru mwaka 1967 na kushika njia ya ujamaa mkali kuliko wetu, nayo ilikuwa ikitaifisha. Mtu angekimbiaje operesheni ya Magu kwenda kukutana na operesheni nyingine Mukalla? Akabaki.

Mlango wa kutokea uligeuka baadaye kuwa mlango wa kuingizia mtaji. Baada ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, uliotikisa wafanyabiashara wa asili zote, serikali ilibadili mwelekeo mwaka 1984 na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizo nazo wenyewe, bila kuulizwa sana zilikotoka. Fedha za kigeni zilikuwa kwa nani? Kwa mwenye kaka Toronto au shangazi Leicester. Yule aliyeonewa huruma mwaka 1971 kwa kutawanyika kwa ukoo wake akajikuta, miaka 13 baadaye, na tawi katika kila nchi yenye dola. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyochipuka Mwanza katika miaka ya 1990 vilihitaji mitambo ya kugandisha, ndege za mizigo na wanunuzi wa Ulaya, na haishangazi kwamba vingi vilianzishwa na familia zilizokuwa na mtandao wa aina hiyo. Hata wao walipata misukosuko, hasa Umoja wa Ulaya ulipowafungia samaki wa ziwa letu kwa vipindi mwishoni mwa miaka hiyo.

Waarabu walirudi kwa barabara. Malori, mabasi, vituo vya mafuta, ununuzi wa pamba uliporuhusiwa tena kwa watu binafsi katikati ya miaka ya 1990, ngozi na mifugo: katika mambo haya kuna familia za Kiarabu za Shinyanga, Kahama na Mwanza ambazo leo zina mali kuliko Wahindi wengi wa mjini. Kama kweli waliridhika mapema, ukuaji huo usingetokea mara tu mlango ulipofunguka.

Kuna jambo moja linaloharibu kabisa ulinganisho wa barazani. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila au asili ya mtu, uamuzi ninaouunga mkono, lakini matokeo yake ni kwamba watu hulinganisha kwa macho. Macho humwona Mhindi aliyebaki, ambaye mara nyingi ni yule aliyekuwa na sababu nzuri ya kubaki. Hayawaoni makarani, mafundi na wauza duka wadogo walioondoka na sanduku moja. Hayamwoni pia mjane wa Kihindi anayeishi chumba kimoja cha ghorofani kwa msaada wa jamii yake, kwa sababu jamii hizo huwatunza maskini wao kimya kimya. Kwa Waarabu, macho humwona aliyeshindwa kuondoka, na kumsahau aliye Muscat. Tunachokilinganisha ni mabaki ya jamii mbili baada ya kila mlango kuchuja watu wake, kisha tunatangaza kwamba tumegundua tabia.

Nikiulizwa leo nani ana hali bora, nitajibu kwamba kwa fedha, shule na mahali pa kukimbilia, Wahindi kwa jumla wako mbele. Na kwa usalama wa kuwa mwenyeji ambaye hakuna anayemwuliza kwao ni wapi, Waarabu wa Usukuma wako mbele sana, na usalama huo una thamani ya kiuchumi. Vijana wa pande zote mbili wanaziacha biashara za wazee wao kwa ajili ya udaktari, kompyuta na Dar es Salaam, na fremu nyingi za katikati ya mji zimepangishwa kwa vijana waliotoka Sengerema, Magu na Ukerewe. Wengi wa vijana hao hawana mwagizaji wa Mombasa wa kuwaamini kwa msimu mzima. Wana mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake huanza wiki ile ile fedha inapochukuliwa, wakati aliyefungua duka la kwanza katika mitaa hiyo alipewa mzigo kwa ahadi ya kulipa pamba ikishauzwa.