Siku moja maishani mwangu: napima nani anamgusa nani ndani ya protini

Nikisema nafanya kazi na protini watu wengi wanadhani nauza ule unga wa wanaonyanyua vyuma, au niko mambo ya lishe. Nyumbani wameshazoea kusema tu "huyu yuko kwenye kompyuta". Sasa naandika siku yangu ya Jumanne, yote, ili mtu aone hii kazi inaendaje, maana ni kazi kweli na inachosha kweli.

Saa 11 alfajiri naamka, chai ya rangi, kisha nafungua laptop kuangalia kama kazi niliyoiacha usiku kwenye seva imeisha. Imeisha. Saa 12 niko kituoni Mbagala, saa 1 na nusu nashuka Upanga nikiwa nimesimama njia nzima. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, geti linafunguliwa, napanda juu.

Saa 2 asubuhi naanza. Niwaeleze kwanza ninachofanya. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi, na kila amino asidi ikishaungwa kwenye mnyororo sisi tunaiita residyu, we ichukulie kama pingili ya muwa. Lakini mnyororo wenyewe haukai umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, unajikunja na kujisokota, kwa hiyo residyu mbili zilizo mbalimbali sana kwenye mnyororo zinaweza kuwa zimebanana kabisa. Wenzetu wanakuza fuwele za protini, wanazipiga eksirei, wanapata kila atomi imekaa wapi, wanaweka faili kwenye benki ya data ya protini ambayo ilianza 1971 ikiwa na maumbo 7 tu na mpaka leo mtu yeyote anachukua bure. Mi nachukua hilo faili napima umbali. Kipimo ni angstromu, yaani mita 1 ukiigawa mara bilioni 10. Atomi nzito (zote isipokuwa haidrojeni) za residyu mbili zikiwa ndani ya angstromu 4.5 nasema zinagusana. Wengine wanapima toka kaboni beta (kaboni ya kwanza ya tawi la residyu) hadi kaboni beta, mpaka wa angstromu 8, sawa, ila glisini, amino asidi ndogo kuliko zote, haina kaboni beta kwa hiyo hapo lazima utumie kaboni alfa, ile ya kwenye mnyororo wenyewe, na ukisahau hilo majedwali yako yanakosa glisini zote bila kompyuta kukwambia chochote.

Protini yangu ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, na ugonjwa wangu ni selimundu. Nasema wangu kwa sababu ndo unaonilaza na kuniamsha. Faili ninalolitumia sana linaitwa 2HBS, la 1997, himoglobini ya selimundu ikiwa haina oksijeni. Ndani yake kuna himoglobini 2, minyororo 8, residyu 1,148 kwa jumla, na ukipima kila moja na kila nyingine ni jozi 658,378. Kompyuta inamaliza haraka sana. Hapo watu wanasema basi kazi imeisha. Haijaisha, hapo ndo inaanza, maana mgusano mwingine ni wa himoglobini na jirani yake ambaye hayupo kwenye faili, lazima umjenge mwenyewe kwa kufuata namna fuwele inavyojirudia, usipomjenga unaandika kwamba residyu fulani haigusi kitu wakati imemkumbatia jirani.

Na kwenye selimundu jirani ndo habari yote. Himoglobini moja ina minyororo 4, alfa 2 na beta 2. Mnyororo wa beta una residyu 146, ya 6 ilitakiwa iwe glutamati, inayopenda maji, ikawa valini inayokimbia maji. Moja tu. Damu ikishaachia oksijeni, ile valini inakwenda kujificha kwenye kishimo cha himoglobini ya pembeni, inakaa katikati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Hiyo inashika hii, hii inashika ile, mpaka inakuwa uzi wa nyuzi 14 zilizosokotana, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Mtoto analia maumivu usiku kucha kwa sababu ya mgusano ambao mimi nauona kwenye skrini.

Saa 3 simu inalia. Ni dokta mmoja wa ofisi nyingine tunayofanya nayo kazi, simtaji. "Dada, ile kazi bado tu?" Nikamwambia bado kidogo dokta, nahakiki. Alikuwa ameniletea orodha ya mabadiliko ya mnyororo wa beta, mistari 34, anataka kila badiliko niandike linagusa residyu gani na kama liko karibu na kile kishimo. Skripti yangu, yaani programu fupi niliyoiandika, kabla ya kupima inauliza swali moja, je residyu iliyoandikwa kwenye orodha ndo iliyopo kwenye umbo la himoglobini ya kawaida? Mistari ya kwanza ikapita vizuri. 7, glutamati, ipo. Mstari wa tisa, himoglobini E (herufi hizi, C, D, E, ni majina ya himoglobini zilizobadilika), umeandikwa 27 glutamati. Kwenye umbo 27 ni alanini.

Hapo nikajua. Kuna hesabu mbili za himoglobini. Ya zamani inaanza na valini kuwa 1. Ya wanajenetiki inahesabu na ile methionini ya mwanzo ambayo mwili unaikata, kwa hiyo kila namba inaongezeka 1, selimundu ya 6 inakuwa 7, himoglobini E ya 26 inakuwa 27. Sawa, nitoe 1 kila mahali tuendelee. Nikatoa. Mstari wa himoglobini D ukaanguka, maana huo ulikuwa umeandikwa 121 ambayo ni hesabu ya zamani na ilikuwa sahihi toka mwanzo. Yaani mtu amechukua mistari huku na huku, vitabu vya zamani na ripoti mpya, akavichanganya kwenye jedwali moja bila kuandika popote kipi ni kipi.

Nikampigia. Akaniambia kosa liko kwenye programu yangu. Nikamweleza taratibu, akasema wenzangu wengine wangeshamaliza. Nikanyamaza, nikamwambia sawa dokta, nikakata simu, nikaenda kunywa maji.

Na kibaya ni kwamba kwenye himoglobini ya kawaida residyu ya 6 ni glutamati NA ya 7 ni glutamati. Zimefuatana. Kwa hiyo ile mistari ya kwanza iliyopita vizuri ilikuwa haijapita, ilikuwa imebahatisha. Kulikuwa na mstari mmoja unasema 7, glutamati kuwa lisini. Kwa hesabu mpya hiyo ni himoglobini C, ya Afrika Magharibi. Kwa hesabu ya zamani hiyo ni himoglobini Siriraj, ya Thailand. Ni vitu viwili tofauti, na umbo haliwezi kukwambia ni ipi, zote zinakubali. Nilikaa na huo mstari mmoja zaidi ya saa nzima, nikapitia jedwali lote kwa mkono, umbo la kawaida 2HHB dirisha moja, orodha dirisha lingine, kalamu na karatasi katikati, saa 4, saa 5, simu yake tena, "dada vipi", saa 6, mwenzangu ananiuliza kama nakula, nasema nakuja.

Saa 7 kasoro nikamuuliza hivi dokta, huna namba za DNA za hawa watu? Akasema anazo. Anazo! Zilikuwa kwenye faili lingine toka wiki iliyopita. Akatuma, nikafungua, herufi ya 19 ya jeni ya beta, G kuwa A. Ingekuwa Siriraj ingekuwa ya 22. Ni himoglobini C. Kwa DNA mistari yote 34 ikakaa sawa ndani ya nusu saa.

Nimekula wali maharage uliopoa, saa 8 na kitu.

Mchana umeme ukakatika, laptop ina chaji kidogo, joto la kufa mtu, nikapima hivyo hivyo. Na hapo mchana ndo kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo nitaisema hata kama nimechoka. Katikati ya ile fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 kuna residyu ya 87, threonini. Kwenye himoglobini ya mtoto mchanga, yenye mnyororo wa gama badala ya beta, hapo hapo 87 pana glutamini, na hiyo inaharibu ule mshikano, nyuzi hazisokotani vizuri. Ndo mojawapo ya sababu dawa ya haidroksiyurea inasaidia wagonjwa, kwa kuwa inaurudisha mwili kutengeneza himoglobini ya utotoni. Mtu anameza kidonge kliniki, hajui kuna 87, na si lazima ajue, ila mi nikiona mstari wa 87 kwenye jedwali huwa nasimama kidogo. Wa 73 pia, maana kuna badiliko la 73 linaitwa Korle-Bu, jina la mahali pale Accra, nalo linapunguza kushikana.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Umeme ulirudi. Niliendesha tena kila kitu toka mwanzo kwa namba zilizosahihishwa, nikaongeza safu mbili, hesabu ya zamani na hesabu mpya, zikae pamoja kila mstari ili asije mtu mwingine akapotea. Nikachora ramani ya migusano. Macho yanawaka. Daladala giza limeshaingia, nimepata siti, nimesinzia mpaka karibu nipitilize.

Nyumbani mpangaji mwenzetu alikuwa nje na binti yake, miaka 9, ana selimundu, wiki ile alikuwa ametoka kulazwa. Akaniuliza, "Anti, leo umepima nini?" Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia huyu wa 6 ndo anayesumbua. Akaiangalia muda mrefu, akaweka kidole pembeni. "Na huyu anayemshika?" Nikamwambia huyo ni fenilalanini wa 85. Akajaribu kulitamka mara tatu, ya tatu akalipata.

Saa 4 usiku nikamtumia dokta jedwali. Akajibu asante, na Ijumaa ataleta mistari mingine. Nimemwandikia ailete na DNA zake.