Wekundu Uliokataa Kulala

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, kitinda mimba wangu alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, amejivika kile kidani cha jiwe la Longido, la kijani lenye mabaka mekundu ya rubi, kinachokaa kwenye droo ya nyuzi na sindano. Alikuwa anakipapasa kwa kidole gumba huku macho yako kwenye katuni. Akauliza bila kugeuka:

"Mama, mbona hapa penye nyekundu pameinuka?"

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua. "Ndivyo lilivyo," nikamjibu.

Nilimdanganya mtoto. Jiwe halikuja hivyo. Mimi ndiye niliyelifanya hivyo, kwa mikono yangu, Alhamisi moja mchana kutwa. Alipotoka kwenda kucheza nilibaki na ungo mapajani na harufu ya lakiri puani, ile nta ya kubandikia jiwe kwenye kijiti, na siku hiyo sikuwa nimewasha taa ya spiriti wala kuyeyusha lakiri yoyote.

Ilikuwa mwaka 2013. Banda langu la kukatia vito pale Sakina, Arusha, lilikuwa bado linavuja, na mashine mliyozoea kuiona haikuwepo. Nilikuwa na meza, lenzi ya kukuza mara 10, kibano, vijiti vya kubandikia mawe, na grinda ya mezani ya mafundi vyuma, iliyotumika. Kukata vito nilikuwa nimeshajifunza, lakini darasani vifaa ni vya darasa. Unakuta diski ya almasi imeshafungwa, unafungulia maji, unakaa unafanya kazi. Hapakuwa na siku niliyolazimika kujiuliza kwa nini iwe almasi. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Kwanza lijue jiwe, ndipo uende dukani." Tuliliandika kwenye madaftari kama tulivyoandika mengine yote.

Koko mnamjua, yule bibi wa Kimaasai anayeniletea asali. Mara ya kwanza hakuja na asali. Alikuja na kitambaa kimefungwa fundo.

"Takwenya, Koko," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko."

Akakaa, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kipande cha jiwe kama nusu ya kiganja, kimejaa vumbi, ukikutana nacho njiani unakipiga teke. Akakilamba. Namaanisha aliutoa ulimi akalilamba jiwe upande mmoja, kisha akanigeuzia. Kijani kikatokea, kijani cha majani ya mgomba, kikiwa na madoa meusi, na katikati mabaka mekundu matatu, moja kubwa kama punje ya harage. Wakusanya mawe wote wanalijua jambo hili: jiwe kavu limelala, likilowa linafumbua macho. Ndiyo maana kule kwao Mundarara, Longido, aliliokota korongoni baada ya mvua, asubuhi, jua likiwa bado chini. Mchana wa jua kali, aliniambia, mawe yote yanafanana.

Nilikuwa na kitochi cha mwanga wa zambarau, kama kile ambacho wenye maduka hukagulia noti bandia. Rubi ikipigwa na mwanga ule huwaka nyekundu kama kaa. Nikamwonyesha. Banda lilikuwa na mwanga mwingi, hakuona vizuri, basi akavuta shuka lake akatufunika wote wawili, mimi, yeye na jiwe. Tukawa gizani, vichwa vimegusana, na yale mabaka matatu yakawaka. Alicheka kicheko kirefu cha mtoto.

Alitaka kidani. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Akanipa kianzio cha shilingi 10,000.

Jiwe hilo lilianza kujulikana mwaka 1954, na wazungu wakaliita anyolaiti, kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Kile kijani ni zoisaiti, ndugu wa damu wa tanzanaiti. Madini ni yale yale, rangi ndiyo tofauti. Kwenye kipimo cha ugumu ambacho Friedrich Mohs alikitoa mwaka 1812, zoisaiti inasimama kati ya 6 na 7. Rubi ni 9. Almasi peke yake ndiyo 10. Maana yake, mkononi unashika jiwe moja lenye tabia mbili. Anayepika makande anaelewa: mahindi na maharage haviivi pamoja, na ukifuata maharage peke yake utakula mahindi ya kuvunja meno.

Nilikwenda mjini. Duka la vifaa vya vito lilikuwa na diski za almasi, na moja tu ilikuwa bei ya kodi yangu ya miezi miwili. Nilihitaji nne, kuanzia ya kukwaruza hadi ya kulainisha. Nikatoka. Hatua chache mbele, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaona jiwe la kijani la grinda, lile la silikoni kabaidi ambalo mafundi hunolea vyuma vigumu, na msasa wa maji wa namba zote, ule ambao wapiga rangi wa magari hulainishia bodi. Vyote kwa shilingi 25,000. Nilijiambia kwamba silikoni kabaidi ni ngumu kuliko rubi, kwa hiyo itakata. Na ni kweli, ni ngumu kuliko rubi, ila kwa kidogo sana. Kwenye hicho kidogo ndipo nilipoangukia.

Sasa ile Alhamisi.

Asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Nilitundika chupa ya maji yenye tundu juu ya grinda, matone yaangukie jiwe la kusagia, kwa sababu vumbi la mawe likikauka hewani linaingia mapafuni na halitoki. (Ninyi mnaosaga makavu na leso puani, nawaomba muache.) Umbo likatoka: yai bapa, milimita 30 kwa 22, mgongo umepanda taratibu. Nikawasha taa ya spiriti, nikayeyusha lakiri, nikabandika jiwe kwenye kijiti. Harufu ile ni kama mshumaa uliochanganywa na utomvu wa msonobari. Nikaipenda siku ile. Nilijiona fundi.

Msasa namba 220 nikauweka juu ya kipande cha sponji kwenye grinda, ili ufuate mgongo wa jiwe. Nikaanza kuzungusha. Baada ya muda nikasikia sauti mbili. Kijani kikipita kinatoa shhh, kama mtu anayefagia uwanja. Nyekundu ikifika, sauti inakuwa nyembamba, inalia kidogo. Shhh, ii, shhh, ii. Nikaona ni muziki wa kazi. Namba 400. Namba 600. Kila nikiangalia, jiwe linang'aa vizuri kabisa, kwa sababu limelowa. Maji ni mwongo mkubwa katika kazi hii. Jiwe lolote likilowa linaonekana limeshakamilika.

Nilipolikausha kwa kanga ndipo nikapitisha kidole gumba.

Kidole kilipanda. Kilikwenda kwenye kijani laini, kikakuta ukingo, kikapanda juu ya nyekundu, kikashuka upande wa pili. Nikarudisha. Kikapanda tena. Nikalipeleka dirishani nikaliinamisha: mwanga wa dirisha uliokuwa unateleza mgongoni mwa jiwe ulikatika kuzunguka kila baka, kama maji ya mfereji yakikuta kisiki.

Moyo uliniambia simama. Mikono haikusimama. Nilidhani dawa ni kuongeza kazi, basi nikabonyeza zaidi. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, nalieleza polepole kwa ajili ya wanaoanza. Chembe za msasa zikichakaa hupoteza makali. Chembe butu bado inakula kijani, lakini juu ya rubi inateleza tu. Halafu sponji chini yake inabonyea. Ikikuta kilima inakizunguka, inachimba pembeni. Kwa hiyo kila mzunguko nilioongeza ili kukishusha kilima ulikuwa unashusha bonde. Nilikuwa nainua nyekundu kwa nguvu zangu zote. Almasi kwenye diski ngumu haina ubaguzi huo: haibonyei, na rubi kwake ni kama kijani tu, inavikata vyote kwa usawa.

Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba nikibonyeza kinaongezeka. Jasho lilinidondokea kwenye maji, maji yakawa kama uji wa majivu. Nikabadilisha msasa, nikaenda 1200, nikaweka kitambaa cha jinzi na unga wa kung'arishia. Kijani kikaanza kuvaa mng'ao, nyekundu ikabaki na weupeweupe juu yake, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Jiwe lilikuwa linazidi kuwa jembamba na mimi nazidi kubonyeza, na nadhani ningelimaliza lote kama umeme haungekatika. Grinda ikashuka sauti yake pole pole, ikanyamaza. Nikasikia kuku wa jirani. Nikagundua kwamba nilikuwa nalia, na kwamba ilikuwa saa kumi na moja na sijala tangu asubuhi.

Jumamosi Koko alikuja kuchukua mzigo wake. Nilikuwa nimekifunga kwa fedha na kukivisha kamba, nikitumaini fedha itasema kwa niaba yangu. Hakuangalia fedha. Aliweka kidole gumba pale pale.

"Nyekundu imekataa kulala," alisema.

Nikamweleza yote. Kwamba kulikuwa na chombo cha kazi hii nikakiacha dukani, nikanunua ambacho mfuko wangu uliweza. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamrudishia elfu kumi yake. Aliipokea, akaihesabu, akaihesabu mara ya pili, akaifunga kwenye pindo la shuka. Kisha akakirudisha kidani mkononi mwangu, akanifumba vidole.

"Kaa nacho, mwanangu. Mvua ikinyesha nitaleta jingine."

Harusini nilikwenda, alinialika. Bi harusi alikuwa amejaa shanga shingoni tabaka kwa tabaka, nyeupe, bluu, rangi ya machungwa, na alipendeza mno. Mimi niliangalia sehemu moja tu kifuani pake, pale ambapo kijani kingekaa.

Yaliyofuata mnayafahamu. Nilikopa kikoba, nikanunua diski nne, namba 260, 600, 1200 na 3000, nikalipa kwa miezi minane. Mvua zikanyesha. Koko akaja na kitambaa kile kile, fundo lile lile. Jiwe la pili nililikata likalala lote, kijani na nyekundu, kama maji kwenye karai asubuhi kabla mtu hajayagusa. Alilipa hela yote bila kupunguza. Sijamuuliza hadi leo kwa nini alirudi kwangu, na mafundi mjini ni wengi, wenye mashine nzuri kuliko yangu. Kila akija tunaongea habari za asali na mbuzi.

Wananiandikia vijana, hasa wasichana, wakiuliza wanunue mashine gani. Nawajibu kwa swali: utakata jiwe gani? Akiniambia akiki, namwambia asikope. Akiki ina ugumu ule ule kutoka ukingo hadi ukingo, na lile jiwe langu la kijani la grinda pamoja na msasa wa maji vingeitosha kabisa. Hadi leo ninavyo na navitumia. Akiniambia Longido, namwambia asubiri. Lakini nikishatuma jibu hilo naingiwa na wasiwasi. Asubiri hadi lini? Mimi ningesubiri kupata hela ya almasi, yule mama angefunga fundo lake akaenda kwa mwingine. Labda ndivyo ilivyopaswa, na binti angeolewa na kidani chake. Sijui kulipima hili.

Jumapili ile usiku, watoto wamelala, nilikichukua kidani nikakitoa kwenye fedha yake. Nikapima kwa kalipa: katikati milimita 3.4, ukingoni 1.9. Kwa diski ya 1200 kisha 3000, ile nyekundu ningeilaza kabla chai haijapoa. Nikaangalia kwa lenzi. Chini ya baka kubwa kuna ufa mwembamba kama unywele, unaelekea ukingoni, ambao mwaka ule sikuuona. Nikifungulia maji huenda jiwe likatoka limenyooka, huenda likatoka vipande viwili.

Nikalirudisha kwenye fedha, nikabana kingo. Asubuhi mtoto akaniuliza kama anaweza kukivaa kwenda shule ya Jumapili wiki ijayo. Nikamwambia akae hapa kwanza, kuna jambo nilimjibu vibaya.